Lisome Doa Kwanza

Mafuta hayaogopi maji. Mwagia ndoo nzima tone la mawese lililoangukia shati jeupe, na ukimaliza utalikuta palepale, limetanuka kidogo, na shati umelilowesha bure. Ndiyo maana mtu anayejua kufua huku Nyanda za Juu Kusini hakimbilii bomba. Anauliza kwanza: mafuta gani haya? Yameanguka lini? Kitambaa ni pamba au poliesta? Kwenye maswali hayo ndimo ufundi ulimo, ingawa hatujazoea kuuita ufundi, kwa kuwa unafanyika uani, juu ya kigoda, mbele ya beseni, na mara nyingi mwenye kuujua ni mwanamke ambaye hakuna chuo kilichompa cheti.

Swali la kwanza lina uzito wake hapa kwetu. Kule Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, michikichi inastawi na mawese hukaa kwenye dumu yakiwa mekundu na laini. Lipandishe dumu hilohilo hadi Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai, na asubuhi utayakuta yameganda. Mawese huyeyuka kabisa yakifika nyuzi 35 hivi, karibu sawa na joto la mwili wa mtu. Kwa hiyo anayefikicha doa la mawese kwa maji ya bomba ya Mbeya alfajiri ya kipupwe anayagandisha mafuta ndani ya nyuzi, kisha analalamika kwamba sabuni za siku hizi hazina nguvu. Sabuni haina kosa. Alikosa maji ya uvuguvugu.

Alizeti inayokamuliwa Iringa haina shida hiyo. Baridi ya Makambako haiigandishi. Ubaya wake uko kwenye muda. Ikiachwa kwenye nguo majuma kadhaa, hewa huifanyia kazi: inanata, inageuka njano, inang'ang'ania uzi. Doa la alizeti la leo ni jepesi kuliko la mawese, lakini la mwezi uliopita ni gumu kuliko yote mawili. Anayejua hilo haweki nguo yenye doa kwenye tenga kungojea Jumamosi.

Kazi yenyewe huanza pakavu. Kilichoganda hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu. Kilicho bado majimaji hunyunyiziwa unga laini, sembe au wa muhogo, au poda ya mtoto, ukaachwa unywe mafuta kisha ukapanguswa. Hapo ndipo inapoingia sabuni ya mche, na mimi ni wa upande wa sabuni ya mche. Sabuni ya unga huyeyuka na kutawanyika beseni zima. Ya mche hukaa pale ulipoiweka. Mfuaji hulowesha doa kidogo tu, hupaka sabuni nzito upande wa nyuma, huiacha ikae, kisha hufikicha nguo kwa nguo, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, na kusuuza kutoka nyuma ili mafuta yatoke kwa njia yaliyoingilia. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda mafuta na nyingine hupenda maji. Ya kwanza hulishika doa, ya pili huondoka nalo. Inahitaji muda wa kushika. Mwenye haraka humaliza mche mzima na doa likabaki.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza jambo hili kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 1823 kuhusu mafuta ya wanyama: kwamba mafuta yakikutana na maji makali ya magadi huvunjika, zikapatikana asidi za mafuta na gliserini, na asidi hizo zikiungana na magadi ndiyo sabuni. Lakini mikono ilikuwa imelijua hilo kitambo kabla yake. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni ni makali kwa namna hiyohiyo, na mawese ya kienyeji, hasa yaliyokaa, tayari yana asidi nyingi zilizojitenga. Yaloweke kwenye maji hayo na sehemu ya doa inageuka sabuni juu ya nguo yenyewe, ikajisafisha. Sijui kama kuna ujanja mzuri zaidi ya huo uani.

Baada ya hapo hubaki rangi, na rangi ni habari nyingine. Wekundu wa mawese hauvumilii jua; ukishatoa mafuta, anika nguo juani ikiwa bado mbichi na rangi itafifia yenyewe. Bizari nayo ina vituko. Mchuzi ukimwagika harusini na mtu akapaka sabuni ya mche, doa la njano hugeuka jekundu papo hapo, na wengi hulidhania damu au hudhani wameharibu nguo. Hawajaharibu chochote. Bizari ndivyo inavyojibu sabuni kali. Suuza vizuri, itarudi njano, kisha iachie jua. Kinachoharibu ni kukimbilia jiki, ambayo haitoi mafuta hata kidogo ila hula rangi ya kitenge, na pasi ya mkaa iliyopitishwa kabla doa halijaisha. Joto la pasi hulikaanga doa likawa la kudumu.

Halafu kuna familia ya pili ya mafuta, ile iliyokuja na barabara na reli. Malori ya kwenda Tunduma na Zambia yanapita Ipogolo, Mafinga na Uyole, treni za TAZARA zinapita Mbeya tangu miaka ya sabini, na pembeni mwa njia hizo zimejaa gereji. Ovaroli ya fundi haina mawese. Ina grisi na oili chafu, na hizi zatoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini. Hazigeuki sabuni hata uziloweke kwenye majivu mwaka mzima. Hutolewa kwa mafuta ya jamii yao: fundi hupaka mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, oili ikalegea, kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha beseni. Yafanyike nje, mbali na jiko la mkaa na kiberiti. Petroli isitumike kabisa, hata kama jirani anaapa kwamba inatoa haraka. Na ovaroli ikiwa ya poliesta, jiandae kurudia, maana uzi huo hupenda mafuta kuliko maji.

Wanaume tunaodondosha mafuta haya, ya mezani na ya gereji, kwa kawaida tunakutana na nguo tena ikiwa imekunjwa. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za Dar es Salaam zimefuliwa nguo na mabinti waliotoka Iringa, wakiitwa dada wa kazi, na kila mwenye nyumba anakumbuka walivyounguza wali. Ni wachache wanaokumbuka shati la harusi lililorudi jeupe. Fundi cherehani ana bango mlangoni, dobi ana bei yake ya shati na ya suruali. Mwenye kutofautisha mawese, alizeti na oili kwa kugusa tu kwa kidole gumba anaambiwa amefua, basi.

Kwa hiyo, msomaji, ukirudi kutoka sherehe ya Tukuyu na doa kifuani, usilimwagie maji na usilipitishie pasi. Mwambie anayefua hapo kwenu ni la chakula gani na liliingia saa ngapi, umchemshie na maji. Na kama ni kazi yake ya mshahara, ufundi huo uuhesabu siku ya kumlipa.