Sifuri zilizokosekana

Nianze na palipoharibika, maana kwingine sina ugomvi. Ukurasa wa Oktoba 2024 katika daftari la mpimaji mmoja wa mvua wa kusini mwa New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, umechorwa nafasi 31 kama kawaida. Tarehe mosi ina 0.00. Tarehe 2 ina 0.00. Tarehe 3 ina sifuri za mtu mwenye haraka, ya mwisho haikufungwa juu. Kuanzia tarehe 4 kuna mstari mmoja wa kalamu ya risasi, umeshuka wima mpaka chini ya ukurasa, na pembeni yake maneno mawili: kavu tu. Ukifungua Novemba unaukuta mstari huohuo ukiteremka hadi tarehe 9. Tarehe 10 mvua inanyesha, na namba zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Najua wapo wanaoutetea ukurasa huo. Mvua haikunyesha, wanasema, sasa aandike nini? Tusichoshane: uamuzi ule ulikuwa kosa, tena kosa la msingi. Kwa wiki tano kazi yake nzima ilikuwa sifuri, naye akaamua kwamba sifuri si kazi.

Mazingira mnayajua, nitayapitia kwa kifupi. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikalia mashariki ya Marekani na kuisukuma kando mifumo ya mvua. Philadelphia ilipata mvua ya mwisho ya kupimika Septemba 28, kisha ikakaa siku 42 bila nyingine. Rekodi ya zamani ilikuwa siku 29, ya mwaka 1874. New Jersey kwa wastani wa jimbo zima ilipata inchi 0.02 mwezi wa Oktoba, yaani nusu milimita, mwezi mkavu kuliko yote tangu 1895. Central Park kule New York ilipata inchi 0.01 na kuivunja rekodi yake ya Juni 1949, iliyokuwa 0.02.

Sasa zitazameni takwimu hizo zilivyojengwa. Siku 42 za Philadelphia ni siku 42 zilizoandikwa moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake. Ingelikosekana moja katikati, rekodi ingekatika, na leo tungekuwa tunabishana kama 1874 imevunjwa au haijavunjwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka anayejua kazi yake huandika mauzo ya siku hata siku ambayo hakuuza hata kiberiti.

Turudi kwenye mstari, kwa sababu una madhara matatu na kila moja linataka aya yake.

La kwanza ni hesabu. Nafasi tupu haisomwi kama sifuri; inasomwa kama kituo kisichokuwepo. Chukua mfano wa wilaya yenye vipimamvua kumi. Manyunyu yanapita na kugusa viwili tu, kila kimoja kinapata inchi 0.10. Wale wawili wanaandika kwa furaha, wanane wananyamaza kwa sababu hawakupata kitu. Mchora ramani atapata wastani wa inchi 0.10 kwa wilaya nzima, wakati ukweli ni 0.02. Ukame wa kweli umegeuka mvua ya kubuni, na hakuna aliyedanganya; watu wanane wamekaa kimya tu. Ndiyo sababu mtandao wa CoCoRaHS, ambao wapimaji wengi wa uani Marekani wamejiunga nao, huwahimiza wanachama wake miaka yote waripoti sifuri zao. Na mtandao huo ulizaliwa Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 1997. Watu waliosukumwa na mafuriko ndio wanaotukumbusha kuandika ukavu!

La pili ni alama ya T. Msomaji wa safu hii hahitaji kuambiwa kwamba matone yaliyoonekana yakianguka lakini hayakufikia inchi 0.01 huandikwa T, na kwamba T kumi zikijumlishwa bado ni T. Siku ya T huhesabiwa ndani ya siku zisizo na mvua ya kupimika, lakini haiko sawa na siku ya sifuri: anga ilijaribu, na mtafiti wa ukame anataka kujua ilijaribu mara ngapi. Katika siku 37 za mstari ule, je, hapakupita wingu lililodondosha matone kwenye kioo cha gari? Hatujui na hatutajua. Mstari wa risasi hauna mahali pa kuweka T.

La tatu linaumiza zaidi, kwa kuwa ushahidi ameutoa mpimaji mwenyewe. Kwenye maelezo ya Novemba 10 ameandika kwamba alipofika kwenye kipimamvua alikuta faneli ina majani makavu na utando wa buibui. Ni majira ya majani kupukutika, kwa hiyo hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba halikuonekana mapema. Mtu anayekwenda kila asubuhi kuandika sifuri huliokota jani la jana kabla halijaita wenzake. Asiyekwenda hukutana na rundo siku ambayo mvua imerudi. Mvua yenyewe ilikuwa nyepesi, ya kuloanisha lami, na mvua nyepesi ikipita kwenye majani makavu na utando, sehemu yake hubaki humohumo. Kipimo cha kwanza baada ya ukame, ambacho ndicho kila mtu anakitaka, kimeharibika kwa sababu ya sifuri ambazo hazikufuatwa. Hapo ndipo hoja ya "aandike nini" inapokufa. Safari ya kwenda kuandika sifuri ndiyo matengenezo ya kifaa.

Tumtendee haki: kipimamvua amekiweka wazi, mbali na paa na miti, saa yake ya kusoma ni ileile, saa moja asubuhi, na umande wa mwishoni mwa Septemba hakuuhesabu kama mvua, jambo linalowashinda wengi.

Kwa nini mtu makini namna hiyo alichora mstari? Jibu liko pembezoni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo: mashine inarekodi. Alikuwa amefunga kipimamvua cha kielektroniki kando ya kile cha mkono. Basi nirudie wimbo wangu wa zamani, na aliyeuchoka aruke aya hii. Vifaa hivyo vya kijiko kinachopinduka huhesabu mpinduko mmoja kila inchi 0.01 inapotimia. Chini ya hapo maji hukaa kwenye kijiko na kukauka jua likitoka. Buibui akijenga humo, kijiko hakipinduki kabisa, na simu yako itaendelea kuonyesha 0.00 kwa utulivu mkubwa. Sifuri ya mashine haikuambii kama anga ilikuwa kavu au kifaa kilikuwa kimeziba. Silinda ya plastiki ya inchi nne, yenye mrija wa ndani unaokuza kina cha maji mara kumi, haina ujanja huo: unainama, unatazama, unajua. Nimelisema hili miaka mingi na nitalisema tena watu watakapoanza kununua zawadi za Desemba.

Wazee wa kazi hii hawakuwa na kisingizio cha mashine. Richard Hendrickson wa Bridgehampton, Long Island, alianza kupima mwaka 1930 kwenye shamba la familia akiwa kijana, akaendelea kwa miaka 84. Vipimo vyake vilipita 150,000, na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ikaamua tuzo ya miaka 80 ya utumishi wa kujitolea ipewe jina lake. Vipimo 150,000 haviwezi kuwa vya siku za kusisimua peke yake; vingi ni vya siku ambazo hakuna jirani aliyezikumbuka wiki iliyofuata. Kule Uingereza, George Symons alianza kukusanya vipimo vya wapimaji wa kujitolea mwaka 1860, na alipofariki mwaka 1900 walikuwa wamezidi 3,000. Jumla zao za kila mwezi ziliandikwa kwa wino kwenye karatasi, na mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, maelfu ya wananchi waliziingiza kwenye kompyuta, vipimo zaidi ya milioni tano. Ziliwezekana kuingizwa kwa sababu ziliandikwa.

Na msidhani haya ni mambo ya wastaafu wenye muda mwingi. Ramani ya ukame ya Marekani hutolewa kila Alhamisi, na wanaoichora hutumia pia vipimo vya uani. Vuta kumbukumbu ya Novemba ile. Tarehe 8 ulianza moto wa Jennings Creek kwenye mpaka wa New Jersey na New York, ukateketeza zaidi ya ekari 5,000. Tarehe 13 New Jersey ilitangaza onyo la ukame. Tarehe 18 jiji la New York lilisimamisha ukarabati wa Delaware Aqueduct, njia ya maji inayolisha karibu nusu ya mahitaji ya jiji, kwa sababu haingeweza kuendelea kuifunga huku mabwawa yanashuka. Maamuzi mazito kama hayo yalihitaji picha kamili ya ukavu, mtaa kwa mtaa.

Nimesikia kuna wanaomshauri mpimaji wetu aufute mstari na kujaza sifuri sasa. Asithubutu. Siku ambayo ana hakika alikwenda na kuangalia, aandike sifuri na aweke alama kwamba imeingizwa baadaye. Zilizobaki aziache tupu. Sifuri ya kukisia ni mbaya kuliko nafasi wazi, kwa kuwa nafasi wazi angalau inakiri.

Nawe msomaji mwenye kipimamvua, uwe Trenton au Tanga ukiisubiri vuli, kesho saa moja asubuhi kiendee hata kama mbingu ni buluu tupu. Toa jani, toa buibui, tazama mrija, andika 0.00 na tarehe. Kesho kutwa rudia.