Adui ya gari yetu hapa Mabalako si upepo

Wandugu na wadada, mwenye lisansi na mwenye kungali ku masomo, leo nataka kukosoa wazo moja ambalo sisi vijana tuliosoma tunalipenda sana. Wazo lenyewe ni hili: ukibadilisha umbo la gari ili ipite vizuri katika upepo, itakunywa mafuta kidogo. Nalikosoa na haya kidogo, ju mimi mwenyewe njo nililipeleka kwa mkubwa wangu, mwenye kufanya taksi kati ya Mabalako, Mangina na Beni.

Wazo hili si la uongo. Katika miaka ya 1970, watafiti wa NASA huko California walichukua kamioneti, wakaifunika bati za alumini mpaka ikawa kama sanduku lenye pembe kali. Kisha wakaanza kuviringisha zile pembe. Walipomaliza pembe zote, nguvu ya upepo yenye kurudisha gari nyuma ilipunguka kwa asilimia 54, na nafasi ya ndani ilibakia karibu yote. Kisha kuko Mmarekani mwingine aliyechukua Honda Civic ya 1992, akaiongezea mkia mrefu, akafunika magurudumu na tumbo lake. Gari ilianza kufanana na tone la maji, na mafuta ikapunguka kweli.

Mimi nilisoma hayo usiku, asubuhi nikamwambia mkubwa: "Yaya, tufunge hii gari." Tulifunika sehemu kubwa ya mbele na kartoni na plastiki ili upepo usiingie. Chini tukafunga bati nyembamba. Magurudumu ya nyuma tukafunika. Franga zilitoka ku kakao ya familia, ile tulikuwa tumeweka kwa minervali ya mdogo wetu.

Bati ya chini ilikufa siku ya kwanza, ndani ya shimo. Vifuniko vya magurudumu vilijaa matope mpaka yakawa magumu kama tofali. Na ile kartoni ya mbele njo ilileta hatari zaidi: kwa kupanda mlima na abiria, radiatere haikupata hewa, motere ikachemka, watu wakashuka kwa miguu. Mkubwa hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Sasa, agronome, huo upepo uko wapi hapa?"

Hilo ulizo nililipaswa kujiuliza mbele. Anayepepeta mpunga anajua: upepo ukiwa mdogo, hata makapi hayatoke. Nguvu ya upepo juu ya gari inategemea mwendo, na haiongezeke pole pole. Ukizidisha mwendo mara 3, nguvu hiyo inaongezeka mara 9. Nilipiga hesabu ku karatasi, kwa gari ndogo yenye kubeba watu, karibu kilo 1500 jumla. Kwa kilometa 30 kwa saa, upepo unairudisha nyuma kama vile uzito wa kilo 3. Lakini udongo na mashimo, hata bila matope mengi, vinairudisha kama kilo 40 ao 50. Kwa kilometa 90 kwa saa ku lami, mambo yanageuka: upepo unafika karibu kilo 27, na barabara inabaki karibu 20. Wale watu wa Marekani walikuwa wanapigana na adui yao wa kweli. Sisi tulipigana na adui ya wengine, tukamwacha wa kwetu anakula mafuta.

Na sisi wenye kusomea udongo hatuna sababu ya kujitetea. Tunafundishwa kwamba mbolea iliyozaa vizuri fasi moja inaweza kukosa kazi fasi ingine, ju udongo si ule ule. Mbele ya kushauri mkulima, unaangalia shamba lake. Lakini kwa gari nilisahau somo langu lote. Niliona picha nzuri na asilimia kubwa, nikasahau kuuliza: hiyo gari ilikuwa inapita ku barabara gani, kwa mwendo gani?

Basi nini inasaidia kweli? Upepo wa maana kwetu ni ule wa ndani ya mipira: mpira uliolegea unafanya motere ichoke bure ku barabara ngumu. Kisha uzito: kushusha vyuma na bidoni zisizo na kazi. Kisha mguu wa shofere: anayekanyaga sana na kufunga breki kila shimo anamwaga mafuta aliyonunua kwa kadhafi. Na kwa mwenye kufanya safari za lami, hapo ndiyo, atoe galeri kama haibebe kitu, afunge vioo wakati wa mwendo mkali. Hiyo haiombe franga hata moja.

Lakini hata shauri hilo liko na mpaka. Mtu anaweza kusema "endesha pole pole, utapunguza mafuta." Katika teritware ya Beni, ambako watu wanauawa tangu 2014, kuko sehemu za pori ambako shofere hawezi kwenda pole pole. Pale anakimbiza ju ya roho yake na ya abiria. Anayeandika mashauri bila kujua hiyo, anaandika kwa nchi ingine.

Siseme kwamba wazo hili halitakuwa na siku yake. Mwezi wa 6 mwaka 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya barabara kule Kasindi, na mpango unagusa Kasindi–Beni, kilometa 80, na Beni–Butembo, kilometa 54. Fasi lami inafika, mwendo unapanda, na umbo la gari linaanza kuhesabika, zaidi kwa malori yenye kubeba mizigo ya juu. Siku hiyo nitatoa tena ile karatasi yangu.

Kwa sasa, deni la minervali ningali nalilipa. Na wewe mwenye kusoma hapa, wazo gani ulilileta nyumbani kutoka mbali bila kupima udongo wa kwenu?