Wahispania na Jina la Kuazima

Hebu tamka español taratibu. Ule mwisho wa -ol karibu hauna mwenzake kati ya majina ya watu wa nchi ile. Mtu wa Castilla ni castellano, wa León ni leonés, wa Galicia ni gallego. Halafu jina linalowabeba wote kwa pamoja lina mkia wa kigeni.

Hapo ndipo Américo Castro anaposhikia katika kitabu chake cha 1970, ambacho jina lake tu linatangaza kwamba español ni neno la kigeni. Hoja yenyewe ya lugha si yake. Aliichukua kwa Paul Aebischer, Mswisi aliyeitoa mwaka 1948, na ni hoja tamu kweli. Kikastilia kiligeuza o fupi ya Kilatini yenye mkazo kuwa ue: porta ikawa puerta, bonus ikawa bueno, filiolus ikawa hijuelo. Kwa mwendo huo hispaniolus lingekuwa españuelo. Halikuwa. Basi limevuka milima ya Pirenei kutoka kusini mwa Ufaransa, ambako o ilibaki o. Mahujaji na wachuuzi wa huko waliokuja Santiago walihitaji neno moja la kuwaita Wakristo wote wa upande huu. Wenyewe, anasema Castro, walitosheka na cristianos. Menéndez Pidal, mwalimu wake, alitaka litokane na españón, n ya mwisho ikigeuka l. Inawezekana, ila unamwona mzee akilisukuma.

Ninapoachana na Castro ni pale anapotoka kwenye sauti na kuingia kwenye nafsi: kabla ya jina kushika, karne ya 13, Wahispania hawakuwako, na Seneca wa Córdoba si wao. Chini ya Franco, aliyehubiri Uhispania ya milele, kusema hivyo kulitaka moyo. Lakini jina kutoka nje halithibitishi kwamba nyumba ilikuwa tupu. Sawahil ni Kiarabu, yaani pwani tu, na Waamu na Wamvita walikuwako wakijiita kwa miji yao.

Castro angejibu: hao ni Waamu na Wamvita, bado si Waswahili. Hapo ananibana kidogo. Pwani yetu angalau ilikuwa na lugha moja kabla ya jina. Mkastilia na Mkatalani hawakuwa na hata hiyo.