Robo Mzunguko

Baiskeli ikianza kulia, mwenye nayo hulaumu pale anaposikia sauti. Kila akikanyaga inatoka kriik chini ya miguu, basi kwake hizo ni gololi za kranki, hakuna mjadala. Fundi mzuri haamini haraka hivyo. Atakwambia uipande uzunguke mti ukiwa umekaa, kisha uzunguke tena umesimama juu ya pedali bila kugusa kiti. Kelele ikinyamaza ulipoinuka, ugonjwa uko kwenye bomba la kiti: limeingia mchanga, au limekauka. Litachomolewa, litafutwa, litapakwa grisi kiduchu, nawe utaondoka umelipa hela ya soda. Fremu ni mabomba matupu. Sauti husafiri ndani yake ikaenda kutokea inapopenda. Nimeona watu wakinunua kranki nzima kwa sababu ya kiti kilichokauka, na aliyewauzia hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Huyo tumwache. Ninayetaka kumsifu ni yule anayekuzungusha mti kwanza.

Huku Morogoro mafundi wa rika la wazee walilelewa na Phoenix, Avon na Swala. Hizo zilikuwa baiskeli za ringi ya inchi 28, breki za vyuma, gia moja, na kranki iliyoshikwa kwa pini ya kugonga. Zilimtaka fundi awe na nguvu na nyundo. Nati ikigoma, piga. Pini ikilegea, piga. Uma ukipinda, utie katikati ya panda ya mti uvute. Kisha yakaja makontena ya mtumba, na ndani yake baiskeli za milimani: ringi ya inchi 26, gia 21, nyaya zinazopita kila kona, na alumini kila mahali. Milima ya Uluguru iko hapo juu ya mji, vijana wakazipenda mara moja. Iliyopata taabu ni nyundo. Chuma cha Phoenix kilikuwa mvumilivu. Ukikikaza kupita kiasi kilinung'unika kwanza. Alumini hainung'uniki. Inakazika, inakazika, halafu ghafla spana inakuwa nyepesi mkononi, na hapo hesi zimeshakwenda.

Kijana mmoja wa chuo alifika kijiweni kwa mzee ninayempelekea baiskeli yangu, amebeba pedali mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaifungua?"

"Ilikuwa inacheza, nikaikaza. Nilitia bomba kwenye spana ili niipate vizuri."

"Ukazungushia wapi?"

Kijana akaonyesha kwa mkono: kulia, kama anavyokaza kila kitu duniani. Mzee akaitazama pedali, ina herufi L ndogo kwenye ncha ya ekseli, akamrudishia bila kusema neno. Kisha akaigeuza baiskeli, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu la mkono wa kranki, akakitoa kikiwa na vumbi la alumini linalometameta. "Ya kushoto inakazwa kushoto, mwanangu."

Sababu yake haionekani kwa macho. Mguu unapozungusha kranki, ekseli ya pedali hujisukuma taratibu ndani ya tundu lake kinyume na mzunguko wenyewe, na kwa upande wa kushoto hesi za kawaida zingejifungua zenyewe njiani. Wilbur na Orville Wright, ambao kabla ya kurusha ndege mwaka 1903 walikuwa na karakana ya baiskeli huko Dayton, Ohio, walitangaza mwaka 1900 pedali isiyoweza kujifungua, na dawa yao ilikuwa hiyo hiyo: hesi za kulia upande wa kulia, za kushoto upande wa kushoto. Kranki ya yule kijana haikuwa na dawa ya nyundo. Ilitafutiwa mkono mwingine kwenye lundo la mtumba, na mzee akaufunga kwa grisi kidogo kwenye hesi, kwa vidole mpaka mwisho, ndipo akashika spana. Alikaza hadi spana ilipoanza kukataa, akaongeza robo mzunguko, akaiweka chini. Bomba la kijana lilikuwa limeegemea mti muda wote huo.

Robo hiyo ndiyo inayotawala pia kazi ya spoku. Ringi ikiyumba, mzee huigeuza baiskeli miguu juu, huegemeza kidole gumba kwenye uma hadi ukucha uguse ringi, na kuzungusha taratibu. Panapogusa anasimama. Ringi imekwenda kulia? Basi spoku za kushoto za sehemu hiyo zinakazwa robo, za kulia zinaachiwa robo. Kisha anazungusha tena. Hapigi mahali pamoja mpaka panyooke. Huzunguka gurudumu zima, robo hapa, robo pale, na kati ya mzunguko na mzunguko hugonga spoku kwa ukucha asikie zinavyolia. Gurudumu la nyuma upande wa gia hulia juu zaidi, na lazima iwe hivyo, kwa sababu spoku za upande huo zimesimama wima zaidi kupisha meno na zinahitaji kuvutwa kwa nguvu kubwa. Mwanafunzi wake hukaza tu, haachii. Ringi yake hunyooka ikapendeza kuitazama, mpaka jiwe la kwanza la mlimani.

Pancha ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ninayoweza kuitazama mchana kutwa. Kila mtu anajua kuziba. Mzee anaanza kwa kusoma. Kabla ya kutoa tyubu anaangalia valvu ilikaa wapi ukilinganisha na maandishi ya tairi, kwa hiyo tundu likishaonekana kwenye beseni la maji anaweza kulirudisha mahali pake na kujua mwiba uko wapi. Tundu moja upande wa nje ni mbigili au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na ringi. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta, kuna mtu wa kuulizwa alijaza upepo lini. Tundu la upande wa ndani, linalotazama ringi, ni kichwa cha spoku kilichopenya utepe wa mpira. Anayeziba bila kuangalia upande atamwona mteja huyo huyo kesho. Wapo wanaotamani iwe hivyo.

Kisha hupitisha kitambaa ndani ya tairi, si vidole, maana mwiba uliojificha hunasa uzi wa pamba kabla haujanasa ngozi. Kiraka hukatwa duara, kwani chenye pembe huanza kubanduka pembeni. Msasa unapigwa eneo pana kuliko kiraka chenyewe, hadi mpira upoteze mng'ao. Solusheni inapakwa nyembamba pande zote mbili. Na hapa ndipo wengi huharibu: gundi ikiwa bado inang'aa wanabandika, kiraka kinateleza, siku ya pili kinapumua. Mzee hupaka, huilaza tyubu gotini, huanza hadithi. Hadithi ikiisha gundi imefifia. Sijui kama huzichagua kwa urefu wake.

Mnyororo nautaja kwa ufupi kwa sababu watu wamechoka kuambiwa wausafishe. Oili chafu inayotolewa bure gereji ina unga wa chuma uliosagika ndani ya injini. Ichanganye na vumbi la barabara ya Mgeta, umejitengenezea msasa wa maji. Mafuta ya taa ya kuoshea, jua la kukaushia, tone moja kwa kila kiungo, kisha futa kwa nje mpaka mkono usichafuke. Cha kushangaza zaidi ni kipimo. Watu husema mnyororo umevutika, wakati hakuna chuma kilichorefuka: pini ndizo zimelika, kila moja kidogo, na hivyo vidogo vinajumlishana. Toka pini hadi pini ni nusu inchi, hivyo hatua 24 ni inchi 12 kamili, na mzee hupima kwa rula ya shule ya mjukuu wake, upande wa inchi. Pini ya mwisho ikivuka alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, nunua mnyororo. Ikivuka kwa sehemu moja ya nane, andaa na hela ya meno ya nyuma, maana mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huruka pale unapoanza kupanda. Rula ya mtoto inaokoa fedha kuliko maneno yote ya muuza spea.

Anayedhani grisi ni jambo dogo atazame baiskeli hizi za milimani zilikotoka. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, mteremko wa mita 400 hivi katika kilomita zipatazo 3. Baiskeli zao zilikuwa zile nzito za matairi manene, Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki ya namna hiyo imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu, na walipofika chini grisi yote ilikuwa imegeuka moshi. Kabla ya kuteremka tena ilibidi kitovu kifunguliwe kijazwe upya, na mashindano yakaitwa Repack kwa ajili ya kazi hiyo. Mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza mwaka 1977 fremu iliyokusudiwa milima tangu mwanzo. Wengine wawili, Gary Fisher na Charlie Kelly, walianzisha mwaka 1979 biashara ya baiskeli za aina hiyo. Kwa hiyo chombo hiki kilitokana na watu waliokuwa wakifungua vitovu vyao wenyewe, mikono imejaa weusi.

Kitovu mzee hukifungulia juu ya kanga kuukuu, gololi zisikimbilie mchangani. Za nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi. Za mbele ni 10, ndogo zaidi. Ziharibike mbili, atabadilisha zote, kwa sababu mpya ikiwekwa kati ya zilizolika inakuwa nene kidogo kuliko wenzake na inabeba mzigo peke yake. Halafu inakuja kazi ya koni, na sijaona kazi nyingine ya spana yenye hila kiasi hiki. Ukiikaza sana gurudumu linasaga, ukiiachia linacheza. Fundi wa haraka hutafuta mahali ambapo mchezo umekwisha, anafunga, anasifiwa. Lakini ekseli ya baiskeli yenye kishikizo cha kufunga haraka ni tupu ndani, na kishikizo kikibanwa huikandamiza kiasi cha unywele, koni zikasogea ndani. Kilichokuwa sawa mkononi kinakuwa kimebana barabarani, na baada ya miezi michache vikombe vina vidonda. Mzee huacha mchezo kidogo kwa makusudi. Anaushika kwa vidole viwili kwenye ringi, pale ambapo hata kidogo huonekana kikubwa, kisha anafunga kishikizo na kuutafuta tena. Usipokuwapo, ameridhika. Ukiwapo, anafungua, robo, anafunga. Nimemwona akirudia hivyo huku mteja akitazama saa.

Breki za diski za mafuta ndizo zilizonionyesha akikataa kazi. Shimano wanatumia mafuta ya madini. Kampuni nyingine zinatumia yale ya breki za gari, na ukiweka yasiyo yake mipira ya ndani inaharibika, breki inakuacha kwenye mteremko kama ule wa Soni kwenda Mombo. Mwenye baiskeli hakujua ni yapi, na maandishi kwenye kifuniko cha mkono wa breki yalikuwa yamefutika. "Ukijua, uje," mzee akamwambia. Waya tu alikubali kumrekebishia, wa gia, na hata hapo alinawa mikono kwa sabuni kwanza, kwa kuwa grisi ya kidole ikigusa diski huingia kwenye vipande vya breki na haitoki tena. Fundi wa jirani aliichukua kazi ile bila kuuliza. Ufundi wa kukataa hauna mteja anayeulipia.

Siku hizi zinakuja baiskeli zenye beringi zilizofungwa, hazina koni wala gololi za kumwaga kwenye kanga. Nilidhani zitamfungia kijiwe. Yeye alizigeuza chini ya mwanga, akamwita mjukuu azipige picha kwa simu na kuikuza, zikasomeka tarakimu zilizochorwa ukingoni: 6902. Namba hiyo si ya baiskeli. Ni ya kipimo, milimita 15 tundu la ndani, 28 upana wa nje, 7 unene, na beringi za namba hiyo zinatengenezwa na viwanda vingi kwa mashine za kila aina. Sasa hutuma namba kwa muuza beringi wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye haulizi zinakwenda kwenye chombo gani, na mzigo hupanda basi hadi Msamvu. Zile kuukuu huzisukuma nje kwa kipande cha bomba kilichokatwa kwa kipimo, mpya huziingiza kwa kubana taratibu na bolti ndefu yenye washa mbili, akigusa ukingo wa nje pekee. Nyundo haihusiki. Wateja hulalamikia bei ya beringi. Ya mkono wake hakuna anayeilalamikia, kwani hutoza karibu sawa na pancha, na nimeshamwambia mara nyingi kwamba anajipunja.