Ultraman: Ukubwa Uliotoka Kwenye Kamera

Mwaka 2006, filamu moja ya Ultraman iliwakutanisha tena waigizaji wa vipindi vya zamani vya televisheni ya Japani. Miongoni mwao alikuwa Kurobe Susumu, aliyeigiza Hayata katika Ultraman ya mwaka 1966. Mashabiki walifurahia uso walioujua tangu utotoni. Lakini mwaka 1966, Hayata alipogeuka jitu liitwalo Ultraman, aliyeingia ndani ya vazi alikuwa mtu mwingine: Furuya Bin, kijana mrefu, mwembamba, ambaye uso wake haukuonekana. Mtu huyo wa karibu mita 2 aligeuzwaje jitu la mita 40?

Wengi watajibu kuwa ni kwa majengo madogo ya mfano. Ni kweli, ila hilo ni nusu ya kazi. Tsuburaya Eiji, fundi aliyetengeneza mbinu za picha za filamu ya Godzilla ya mwaka 1954, alijua kuwa siri kubwa ni muda.

Tufanye hesabu. Kitu kikidondoka kutoka mita 2 hufika chini kwa takriban sekunde 0.64. Kutoka mita 40 huchukua takriban sekunde 2.86, yaani mara nne na nusu. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni haijui kanuni hiyo, lakini ameona maembe yakianguka na kuta zikibomoka. Jengo likiporomoka haraka mno, atajua ni boksi.

Dawa yake ni kuiendesha kamera kwa kasi. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ukinasa picha 72, tukio la sekunde moja huchukua sekunde tatu kwenye kioo. Vumbi linapanda taratibu, dubwana linalopigana na Ultraman linaanguka kwa uzito. Ukizidisha, jitu linaonekana kama linaogelea hewani.

Kasi hiyo ina gharama. Kila picha hupata mwanga kwa muda mfupi zaidi, hivyo taa lazima ziwe kali, na joto lake linamwishia aliyevaa mpira mwili mzima. Ukanda wa filamu nao huliwa mara tatu. Na maji hayadanganyiki: tone halipungui ukubwa eti kwa sababu bahari ni ya mfano.

Mwale maarufu wa Ultraman nao ulikuwa na masharti. Furuya alikutanisha mikono, mmoja wima, mwingine mlalo, kisha akatulia. Alilazimika kutulia, kwa kuwa mwale ulichorwa baadaye, picha baada ya picha. Pozi ambalo watoto waliliiga mitaani lilikuwa pia msaada kwa mchoraji.

Umbo la jitu lilibuniwa na Narita Toru, mchongaji aliyependa usafi wa mistari. Taa ya kifuani, ya buluu inayogeuka nyekundu nguvu zinapokaribia kuisha, haikuwamo katika ubunifu wake. Kwa sura, nakubaliana naye. Kwa usimulizi, taa ilishinda: ilimwekea shujaa kikomo cha dakika tatu, na kwa kuwa ilimweka na kulia, hata mwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe alielewa hatari.

Madubwana yalitengenezwa kwa kubana matumizi. Vazi la Godzilla lilivishwa ukosi mkubwa shingoni likawa Jirass. Vazi la Baragon, dubwana la filamu ya mwaka 1965, liligeuzwa Neronga, kisha Magular, kisha Gabora.

Hata hivyo, ubanaji huo haukutosha kuiokoa ratiba. Ultraman ilianza Julai 17, 1966, ikaisha Aprili 9, 1967, baada ya vipindi 39. Watazamaji walikuwa bado wanaipenda, lakini utengenezaji haukuweza kwenda sambamba na kipindi kila wiki. Huo ndio udhaifu wa mbinu hii: ubora wake ulikula muda uleule ambao televisheni haina.

Msomaji mwenye simu inayonasa picha 120 kwa sekunde anaweza kujaribu leo. Sukuma boksi kutoka juu ya meza ya mita 1, kisha litazame kwa picha 30 kwa sekunde. Litaanguka kama linalotoka mita 16. Boksi ni lilelile. Kilichobadilika ni saa.