Gregory Hines Hakuwahi Kuacha Densi

Kuna sentensi moja hunikera kila nikiipata kwenye wasifu wa waigizaji: "alianza kama densa, kisha akawa mwigizaji." Shida iko kwa hiyo "kisha akawa." Ni kama densi ni chekechea, na mtu akipata akili anapandishwa darasa. Gregory Hines ameandikwa hivyo mara nyingi. Nimekuwa nikitazama filamu zake moja baada ya nyingine, bando likikatika katikati, na kadiri ninavyotazama ndivyo ninavyoona kwamba huyu jamaa hakuhama popote. Walioshindwa kumwelewa ni watu wa sinema.

Tuanze na densi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaijua tu kama katuni ya mzee mwenye kofia na bakora. Densi ya tapu huchezwa kwa viatu vyenye vibati vya chuma kwenye ncha na kisigino. Unacheza na wakati huohuo wewe ndiye ngoma. Mizizi yake ni michungu. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi wakiwa na ngoma mbele yao, na sheria ya 1740 ikawapiga marufuku kuzimiliki. Mdundo ukahamia mikononi, mapajani, miguuni. Baadaye ukakutana na densi za Waayalandi kwenye mitaa ya maskini ya New York, na hapo tapu ikazaliwa. Kwa hivyo mtu akikuambia densa hana la kusema, hajui historia.

Hines alizaliwa New York tarehe 14 Februari 1946. Alifundishwa na Henry LeTang akiwa mdogo sana, pamoja na kaka yake Maurice, na kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa tayari analipwa. Akiwa na miaka minane alikuwa Broadway. Baba yao aliingia baadaye kama mpiga ngoma, wakajiita Hines, Hines and Dad, wakazunguka wee hadi 1973 kundi likavunjika. Gregory akaenda Venice, California, akaanzisha bendi ya roki, tapu akaiweka kando kwa miaka kadhaa. Aliporudi New York alikuta jukwaa bado linamsubiri: *Eubie!* mwaka 1978, kisha *Sophisticated Ladies*, na mwaka 1992 akashinda tuzo ya Tony kwa *Jelly's Last Jam*.

Sinema ilimwingiza kwa mlango wa nyuma. Richard Pryor aliungua vibaya mwaka 1980, na Mel Brooks akahitaji mtu wa kujaza nafasi yake kwenye *History of the World, Part I*. Miaka michache baadaye ikaja *The Cotton Club* ya Francis Ford Coppola, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Cotton Club ilikuwa kilabu halisi Harlem. Jukwaani weusi, mezani weupe, na mwenye kilabu jambazi. Hines anacheza Sandman Williams, densa anayepata kazi hapo na kakaye, Clay, ambaye ni Maurice mwenyewe. Filamu iliyotoka 1984 inamfuata zaidi Richard Gere na tarumbeta yake. Hadithi ya ndugu hawa inaonekana kwa vipande, kama jirani anayepita nyuma ya picha ya harusi ya watu wengine. Coppola alikuja kueleza kwamba waliokuwa na pesa walilalamika: weusi wamezidi, tapu imezidi. Ikakatwa. Sikiliza hilo vizuri. Filamu kuhusu kilabu ambamo weusi waliruhusiwa kucheza tu wala si kuketi, na hata huo mchezo wenyewe ukapunguzwa.

Coppola alipata mkanda wa zamani wa toleo refu, akaihariri upya na kuitoa mwaka 2019 kwa jina *The Cotton Club Encore*. Tafuta hiyo. Sisemi sasa ni filamu kamilifu. Ule upande wa majambazi bado unachosha. Lakini Sandman sasa ni mtu. Ana tamaa, anamwacha kakaye ili apae peke yake, anampenda Lila, mwimbaji mweusi ambaye rangi yake inamruhusu kupita kama mzungu. Halafu kuna ile densi ya kupatana. Sandman anarudi kwa kakaye, maneno ni machache, wanaanza kucheza, na unaona kosa likiombewa msamaha kwa kisigino. Hawa ni ndugu wa damu ambao katika maisha yao waliwahi kukaa miaka mingi bila kuongea. Sidhani kuna mwigizaji wa kawaida angeweza kuleta kitu kama hicho.

*White Nights* ya 1985 utaikumbuka hata kama hujaiona, kwa sababu "Say You, Say Me" ya Lionel Richie ilitoka humo, na huo wimbo haujawahi kuondoka kwenye redio zetu za Jumapili. Filamu yenyewe ni propaganda ya Vita Baridi, tusidanganyane. Mikhail Baryshnikov ni densa wa baleti aliyetoroka Urusi na ndege yake ikaanguka hukohuko. Hines ni Raymond, Mmarekani aliyekimbilia Urusi kwa sababu ya vita vya Vietnam. Watu husifu densi yao ya pamoja, iliyotungwa na Twyla Tharp. Mimi hainigusi sana. Ni safi mno. Kila mmoja amepunguza nusu yake ili wakutane katikati.

Kipande kinachoniua ni kile Raymond akiwa amelewa, anamweleza mgeni alivyofika pale. Alikuwa mtoto wa kupendwa jukwaani, akakua, kazi zikaisha, akaingia jeshini. Anaongea huku anacheza. Miguu inaanza na ule utamu wa mtoto wa kufurahisha wageni, kisha inakuwa nzito, inakwaruza, inapoteza mpigo kwa makusudi. Hines alipenda kuvunja mpigo hivyo, kucheza bila kupanga. Hapo hauwezi kutenganisha densa na mwigizaji hata ukipewa kisu.

*Running Scared* ya 1986 nitaipita haraka: yeye na Billy Crystal ni polisi wa Chicago, utani mwingi, magari kwenye reli. Inachekesha. Iangalie tu uone anavyongoja zamu yake ya kuongea, kama mtu anayehesabu mpigo. Na *Waiting to Exhale* ya 1995, ambayo mama zetu na mashangazi waliichakaza kwa kanda, yeye ndiye Marvin, jirani mpya. Loretta Devine anaondoka, Marvin anabaki akimtazama anavyotembea, na hajafanya kitu kingine chochote. Amesimama tu. Kusimama vizuri hivyo ni kazi ya mtu anayejua mwili.

Halafu *Tap*, ya 1989. Hadithi yake ni hafifu: Max ametoka jela, achague wizi ama densi, na sote tunajua atachagua nini. Lakini kuna chumba kimoja cha juu ambamo wazee wanaoneshana ubabe kwa zamu, na wazee wenyewe ni Bunny Briggs, Jimmy Slyde, Sandman Sims, Harold Nicholas, watu ambao Hollywood iliwapa dakika chache ama haikuwapa chochote. Sammy Davis Jr. yuko hapo pia, na ndiyo filamu yake ya mwisho. Mvulana Savion Glover yumo, ambaye baadaye angeibeba tapu yote mabegani. Hines, nyota wa filamu, anatumia muda wake mwingi kuwatazama. Umaarufu alioupata kwenye skrini ameutumia kuwafungulia wenzake mlango, na wanavyoingia, basi!

Hines alikufa kwa saratani Agosti 2003, akiwa na miaka 57. Lakini kipande ninachokirudia mara nyingi si cha filamu. Mwishoni mwa 1989 Marekani ilimfanyia Sammy sherehe ya miaka sitini jukwaani, na Sammy tayari alikuwa na saratani ya koo. Hines alicheza, kisha akamkaribisha mzee. Sammy akavaa viatu vya tapu akapanda. Wakapokezana. Mzee alikuwa amekonda, lakini mpigo ulikuwa palepale. Walipomaliza, Hines akainama hadi chini akavibusu vile viatu.