Hitilafu Iliyokaa Nje ya Kasha

Kuna mchezo wa kompyuta ambao kazi yake yote ni kuunda kompyuta. Unaitwa PC Building Simulator. Toleo kamili lilitolewa na The Irregular Corporation ya Uingereza Januari 2019, na wa pili wake ukafuata Oktoba 2022. Ukimsimulia mtu asiyecheza michezo ya namna hii, anakucheka: yaani unakaa mbele ya kompyuta ili ufungue skrubu za kompyuta ambayo haipo? Ndiyo, na inanoga. Nimeucheza huo wa kwanza muda wa kutosha kuweza kuuhakiki kama tunavyohakiki riwaya darasani. Kama unafurahisha au la, hilo nimeshalijibu. Ninachotaka kujua ni mchezo huu unaamini nini kuhusu kuharibika kwa vitu.

Hadithi yake ni fupi. Umeachiwa karakana ya kutengeneza kompyuta na ndugu ambaye Kiingereza hakisemi kama ni baba mdogo au mjomba. Mimi nimemfanya mjomba. Wateja wanakuandikia barua pepe. Mmoja kompyuta yake ina virusi, mwingine anataka kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi, wa tatu mashine yake haiwaki kabisa. Unaweka kasha mezani, unafungua ubavu wake, unatoa kipande, unaagiza kingine, unafunga, unawasha, unalipwa. Ukichoka na wateja, ipo njia ya kucheza bila wao na bila bajeti, ukaunda mashine ambayo mshahara wa mwaka mzima usingeinunua.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Mchezo huu unafundisha majina na mpangilio. Mtu aliyekuwa akiita kila kilichomo ndani ya kasha "mashine" anatoka akijua kwamba prosesa hukaa kwenye soketi ya mazabodi, kwamba juu yake inapakwa pesti ya joto kabla ya kufunga feni, kwamba ramu ina nafasi zake, na kwamba pawa saplai ndiyo inayowalisha wote. Kwa kijana ambaye hajawahi kufungua kompyuta kwa kuogopa kuiharibu, hiyo si zawadi ndogo. Mdogo wangu wa kiume aliunda kompyuta yake ya kwanza mwaka jana akiwa ameshafanya mazoezi humo mara nyingi, na mikono yake ilijua pa kwenda.

Ambacho mchezo haukumpa ni hofu ya vidole. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina vipini 1,331 upande wa chini, vyembamba kuliko sindano, na kimoja kikipinda unaweza kuwa umepoteza pesa ya miezi mitatu. Ndani ya mchezo kipande hukaa mahali pake au hakikai. Hakuna kukaa nusu, hakuna ramu iliyoingia upande mmoja ikakosa kubofyeka upande wa pili. Hilo nalisamehe. Mchezo hauwezi kuiga kila kitu, kama riwaya isivyoweza kumweleza mhusika kila anapopiga mswaki.

Nisilolisamehe kirahisi ni namna unavyoeleza hitilafu.

Mteja anapoleta mashine isiyowaka, jibu lipo ndani ya kasha. Ni kipande kimoja, pengine viwili. Ukikipata na kukibadilisha, taa zinawaka na barua ya shukrani inaingia. Kazi ya fundi ni kujua mkosaji ni yupi kati ya waliomo. Waswahili tuna methali yenye imani hiyohiyo: kikulacho ki nguoni mwako. PC Building Simulator ni methali hiyo iliyogeuzwa kuwa mchezo mzima. Mdudu yuko nguoni, kazi yako ni kukung'uta.

Sasa nieleze kompyuta ya mdogo wangu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kubishana na mchezo huu. Aliinunua kipande kimoja kimoja kwa pesa ya kufundisha wanafunzi wa sekondari masomo ya ziada. Prosesa ilikuwa Ryzen 5 3600. Kadi ya grafiki ilikuwa Radeon RX 580 ya mtumba, kutoka kwa kijana wa Kariakoo mwenye kimeza cha kioo na dhamana ya mdomo: wiki mbili, ikisumbua uirudishe. Pawa saplai ilikuwa ya bei nafuu ya wati 500. Mashine iliwaka siku ya kwanza. Tatizo lilianza alipofungua mchezo wa mpira jioni. Dakika ya kumi, giza. Haikutoa skrini ya buluu wala ujumbe wowote. Ilizima na kujiwasha upya kama mtu aliyeshtuka usingizini.

Mshukiwa wa kwanza alijulikana kabla ya uchunguzi. RX 580 ilitoka mwaka 2017, na kadi za aina hiyo zilitumika sana kuchimba sarafu za kidijitali, zikifanya kazi usiku na mchana. Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka ziliingia sokoni duniani kote. Kwa hiyo mdogo wangu hakuhitaji ushahidi. "Dada, yule jamaa kaniuzia kadi ya kuchimbia," aliniambia, na akaandika ujumbe wa kuweka kwenye kundi la chuo, wenye picha ya kimeza, namba ya simu, na neno tapeli. Siku hiyo ilikuwa ya tisa ya dhamana. Nilimwomba asiutume kabla hatujapima.

Tulipima kwa kanuni ambayo mafundi wote wazuri wanaijua: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Joto la kadi lilikuwa chini ya nyuzi 75 kabla ya kila kuzima, kwa hiyo hakukuwa na kuungua. MemTest86 ilikagua ramu usiku kucha bila kosa. Tulihamishia kadi kwenye mashine ya rafiki yake, ikachezeshwa saa tatu mfululizo jioni nzima, haikutetereka. Basi ni pawa saplai. Tukaazima ya rafiki huyohuyo, na kweli, kompyuta yetu ikatulia. Kesi ingeishia hapo, na ndani ya mchezo ingeishia hapo. Lakini tulipoipeleka pawa saplai yetu kwa rafiki, ilifanya kazi kwake usiku mzima pamoja na kadi ileile.

Kila kipande kilikuwa kizima. Vikikutana nyumbani kwetu, vinazima.

Windows yenyewe haikusaidia. Kwenye kumbukumbu zake iliandika kila mara Kernel-Power 41, tukio ambalo maana yake ni kwamba mfumo umewaka tena bila kuwa umezimwa vizuri. Kwa nini, haisemi. Mazabodi nayo ina taa nne ndogo za kukuonyesha pa kutazama inapokataa kuwaka: prosesa, ramu, kadi ya grafiki, diski. Hakuna taa ya tano ya kusema "tazama nje." Mashine hujieleza kwa mambo inayoyaona, na inayoona ni tumbo lake.

Kilichosaidia ni daftari la shule. Mdogo wangu alianza kuandika saa ya kila kuzima. Baada ya siku tano orodha ilikuwa fupi na ya ajabu: zote zilikuwa kati ya saa moja na saa nne usiku. Jumamosi mchana alicheza tangu saa sita hadi saa kumi, salama. Tukaazima mita ya fundi umeme na kupima soketi ya ukutani. Mchana ilisoma volti 228. Saa mbili usiku ilisoma 184. Kwenye kibandiko cha pawa saplai yetu, ambacho sote tulikuwa tumekitazama bila kukisoma, iliandikwa 200 hadi 240. Ile ya rafiki ilianzia 100.

Nyumba tunayoishi ina wapangaji sita kwenye laini moja. Jioni majiko ya umeme yanawashwa, friji zinavuta, mtu anapiga pasi sare za watoto. Umeme ukishuka, pawa saplai inalazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe wati zilezile. Kompyuta ikiwa inaandika barua, inahitaji wati chache na inavumilia. Mchezo ukifunguliwa, RX 580 peke yake inaweza kudai wati 185 hivi, na hapo ndipo inapoangukia. Ukitaka kumtaja mkosaji kwa haki, utataja ugali wa chumba cha tatu, waya wa nyumba, kibandiko cha pawa saplai na ratiba ya masomo ya mdogo wangu iliyomfanya acheze jioni tu. Mkosaji mmoja hakuwepo. Stabilaiza ilimaliza tatizo.

Hapa ndipo nilipokumbuka riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, tulizozisoma mwaka wa kwanza wa shahada. Bwana Msa, aliyeanza kazi katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mara nyingi hulinganishwa na Sherlock Holmes kwa sababu ya kiko na ukali wa macho. Lakini mafumbo yake hayatatuliwi kwa kukagua chumba chenye maiti pekee. Yanakwenda kwenye nasaba, urithi, ndoa zilizofichwa, mambo ya zamani ambayo watu wazima walikubaliana kutoyasema. Ili ujue nani kaua, lazima kwanza ujue nani ni ndugu ya nani. Abdulla aliamini kwamba jambo hutokea ndani ya mtandao wa watu. PC Building Simulator ni hadithi ya upelelezi pia, lakini ya aina ambayo milango imefungwa na muuaji ni mmoja wa waliomo chumbani. Sijawahi kuona umeme wake ukishuka. Wateja wake hawana jirani.

Kwa nini mchezo umechagua imani hiyo? Nadhani jibu liko dukani mwake. Vipande vinavyouzwa humo vina majina ya watengenezaji halisi, na alama zao unaziona kila unapofungua kasha. Ukitaka kujua mashine yako ina nguvu kiasi gani, unaipima kwa 3DMark, kipimo kilekile kinachotumika nje ya mchezo. Katika dunia ya namna hiyo, hitilafu lazima iwe na umbo la bidhaa. Kilichoharibika kina jina na bei, na mbadala wake utaletwa na msafirishaji. Ukilipa zaidi, atawahi. Umeme wa jioni wa nyumba yenye wapangaji sita hauna mahali pa kukaa kwenye rafu hiyo.

Msomaji anaweza kuniambia: huo ni mchezo tu, na kila mchezo hupunguza. Nakubali. Hata kete za bao si ng'ombe wala mashamba. Lakini tunachopunguza kinaonyesha tulichodhani hakina maana. Watunzi waliona vumbi lina maana, wakaliweka, na unalipuliza kwa hewa ya kopo. Waliona pesti ya joto ina maana, wakaiweka, wakaweka na nyaya za kila kipande. Mahali kompyuta inapochomekwa hawakupaona, pengine kwa sababu walikotoka ukuta ni ukuta, na soketi inatoa kilichoandikwa. Sisi tunaoucheza huku ndio tunaoliona pengo. Ndiyo maana nadhani uhakiki wa michezo hii usiachiwe watu ambao umeme wao hauyumbi.

Na pengo hilo lina gharama kwa watu halisi. Ukiamini kwamba kila hitilafu imo ndani ya kasha, utaamini pia kwamba kila hitilafu ina aliyeiuza. Ndani ya mchezo hakuna wa kumdhulumu: kipande kibovu kinatupwa, na duka lililokiuza halina uso. Kariakoo lina uso. Kijana wa kimeza cha kioo mtaji wake ni bidhaa chache na jina lake. Wanafunzi humfikia kwa kuambiana, na kwa kuambiana wangeacha kumfikia. Alipopigiwa simu ya kwanza alisema jambo moja tu, "Kadi nzima kaka, angalia umeme wako," na mdogo wangu alicheka kwa hasira, maana kwa masikio ya mtu aliyefunzwa na mchezo ule, hilo lilikuwa jibu la tapeli hasa. Yule kijana hana cheti cha ufundi ninachokijua. Lakini huuza kadi kwa watu wa Mbagala, Sinza na Gongo la Mboto, na wote humrudia na kesi zao. Nadharia yake ya hitilafu ilikuwa pana kuliko ya mchezo uliotengenezwa kwa miaka kadhaa.

Bado naupendekeza mchezo huo kwa yeyote anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea nyumbani. Aucheze, ajifunze majina, azoeze mikono. Akimaliza, kabla hajanunua kadi wala prosesa, aazime mita ya fundi umeme, asubiri hadi saa mbili usiku majiko yawe yamewashwa, na apime ukuta. Kisha asome kibandiko cha pawa saplai anayotaka kuinunua. Ujumbe wa mdogo wangu ulibaki kwenye simu wiki nzima bila kutumwa. Aliufuta siku aliyorudi kwa kijana yule kununua feni ya pili, akapunguziwa shilingi elfu mbili.